Mtafutaji Ataitambuaje Kweli? Somo Kutoka kwa Wayunani wa Kale

Watu wengi huogopa kuichunguza dini, na hofu yao aghalabu husimama juu ya moja ya nguzo mbili. Wa kwanza husema: "Mimi nimekwisha ipata kweli kwa wazee wangu, nitafute nini tena?" Wa pili husema: "Dini ni nyingi, na kila mwenye dini adai kuwa yake ndiyo ya haki. Mimi sikusoma. Hata kweli ikipita mbele yangu, nitaitambuaje, maadamu siijui?" Wa kwanza hatafuti kwa kuwa aona anajua, wa pili hatafuti kwa kuwa aona hawezi kujua. Njia zao ni mbili, lakini kikomo chao ni kimoja: wote wawili wamekaa kitako.

Ndugu msomaji asidhani kuwa udhuru huu ni wa siku zetu. Ulijadiliwa katika mji wa Athens, nchi ya Wayunani, yaani Wagiriki wa kale, yapata miaka 2,400 iliyopita. Hata neno letu "falsafa" tumelipata kwao kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kupenda hekima. Katika makala haya twataka kuona jinsi watu wale walivyouliza: Kujua ni nini? Kujifunza ni nini? Na je, asiyejua aweza kutafuta? Majibu yao hayakukamilika, lakini ndani yake mna msaada mkubwa kwa kila mtafutaji mwaminifu.

AKILI NI NYWELE?

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo (K.K.) Athens ulikuwa mji wa mabaraza na mahakama. Aliyejua kusema vizuri alipata cheo. Asiyejua aliweza kupoteza mali yake mahakamani. Kwa hiyo walitokea walimu walioitwa masofisti, waliokwenda mji hata mji wakiwafundisha vijana wa matajiri ufasaha wa kusema, nao walilipwa ada kubwa. Mmoja wa mashuhuri wao alikuwa Protagoras wa Abdera. Yeye alifundisha kuwa binadamu mwenyewe ndiye kipimo cha mambo yote: upepo ukiwa baridi kwangu, basi ni baridi kwangu, usipokuwa baridi kwako, basi kwako si baridi, wala hapana haja ya kuuliza ni nani kati yetu amekosea.

Rai hii haitustaajabishi. Sisi nasi twasema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Methali hii ni njema tukiitumia kufundishana kuvumiliana. Lakini mtu akiigeuza kuwa kanuni ya elimu, akasema kila aonalo mtu ni kweli kwake na basi, hapo ameufunga mlango wa kujifunza. Plato, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyotuhifadhia sehemu kubwa ya mijadala hii, aliipinga rai hiyo katika kitabu kiitwacho Theaetetus kwa hoja ambazo hata leo zina nguvu. Ikiwa kila aonalo mtu ni kweli, basi na yule aonaye kuwa Protagoras amekosea, naye asema kweli. Tena ikiwa hakuna akili iliyo na elimu zaidi ya nyingine, kwa nini vijana wamlipe Protagoras awafundishe? Na mtu akisema kesho atapata homa, ilhali tabibu asema hataipata, je, homa itafuata rai za wote wawili? Kesho itakapofika, mmoja wao ataonekana kuwa alijua, na mwingine kuwa alidhani tu.

Basi hatua ya kwanza ni hii: iko kweli isiyotegemea matakwa yetu. Pasipo na kweli hapana kosa, na pasipo na kosa hapana la kujifunza.

MTU ALIYEJUA KUWA HAJUI

Mtu aliyesimama kinyume cha masofisti alikuwa Socrates. Baba yake, Sophroniscus, asimuliwa kuwa alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Socrates hakuandika kitabu hata kimoja, wala hakutoza ada. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali sokoni na katika viwanja vya mazoezi.

Plato asimulia kuwa rafiki yake Socrates, jina lake Chaerephon, alikwenda Delphi penye hekalu la kuagulia, akauliza kama yuko mtu mwenye hekima kuliko Socrates. Akajibiwa kuwa hayuko. Socrates alishangaa, kwani alijua nafsini mwake kuwa hana hekima. Basi akaanza kuwapima waliosifiwa kwa hekima. Akawaendea wanasiasa, akaona wajiona wajuzi ilhali hawajui. Akawaendea washairi, akaona wasema mambo mazuri ambayo wenyewe hawawezi kuyaeleza. Mwisho akawaendea mafundi. Hao aliwakuta wanajua kweli, kwani fundi wa viatu ajua viatu. Lakini kwa kuwa kila mmoja aliijua kazi yake, alijidhania kuwa ajua pia mambo makuu ya uadilifu na ya maisha, nayo hakuyajua. Ndipo Socrates akafahamu maana ya jibu lile: yeye aliwazidi kwa jambo moja dogo tu, kwamba asichokijua hajidai kukijua.

Kukiri huku kwamba mtu hajui si unyonge. Katika Theaetetus Socrates ajifananisha na mama yake mkunga. Mkunga hamzalishi mtoto wake mwenyewe. Humsaidia mwingine azae, kisha humtazama mtoto kama ni mzima. Vivyo hivyo Socrates husema kuwa hana elimu ya kumpa mtu, bali huwasaidia watu watoe mawazo yaliyo ndani yao, kisha huyapima kama ni hai au ni upepo mtupu. Wazee wetu wamesema, "Mficha uchi hazai." Mtu amfichaye mkunga hali yake hawezi kusaidiwa, na mtu afichaye ujinga wake kwa aibu hawezi kufundishwa. Wangapi hukaa miaka katika mikutano ya dini bila kuuliza swali linalowasumbua, kwa kuchelea kuchekwa! Kuuliza si ujinga.

HOJA YA MENO

Sasa tuje kwenye udhuru wenyewe. Meno alikuwa kijana tajiri kutoka Thessaly, aliyeathiriwa na Gorgias, mwalimu mashuhuri wa ufasaha. Katika kitabu cha Plato kinachoitwa kwa jina lake, Meno amwuliza Socrates: Je, wema hufundishwa, au hupatikana kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nao? Socrates akajibu kuwa hawezi kusema kama wema hufundishwa, kwani hajui hata wema ni nini. Basi Meno na amwambie. Meno akaona si jambo gumu. Yeye alikwisha hutubia makundi ya watu mara nyingi juu ya wema! Akatoa maana moja, ikavunjika. Akatoa ya pili, ikavunjika. Akatoa ya tatu, nayo ikavunjika. Ndipo akamwambia Socrates kwa uchungu kuwa yu kama yule samaki wa jamii ya taa ambaye akimgusa mtu humtia ganzi; kwani sasa ulimi wake na roho yake vimekufa ganzi, asijue la kusema.

Hapo angeweza kusema, "Basi tutafute pamoja." Lakini alitafuta mlango wa kutokea, akaleta hoja hii: Mtu atatafutaje kitu asichokijua kabisa? Na hata akikikuta, atajuaje kuwa hiki ndicho? Hoja yake ikitimizwa yawa hivi: kitu ukijuacho, huna haja ya kukitafuta, na usichokijua, huwezi kukitafuta. Kwa hiyo kutafuta ni bure.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi hoja hii inavyowakusanya wale watu wawili tuliowataja mwanzoni. Na tazama pia wakati ilipoletwa. Meno hakuileta alipokuwa akijiona mjuzi, bali aliileta baada ya kushindwa. Mara nyingi mtu asemapo, "Haya mambo ya dini hayajulikani," maana yake ya ndani ni kwamba lile alilodhani analijua limevunjika, na kiburi chake hakitaki kuanza upya.

KIJANA MTUMWA NA MRABA

Socrates hakumjibu kwa maneno matupu. Alimwomba amwite mmoja wa watumishi wake. Akaletwa mtumwa kijana, aliyezaliwa nyumbani mwao, ajuaye Kiyunani lakini asiyepata kufundishwa hesabu za maumbo. Socrates akachora mraba ambao kila upande wake ni futi 2, na eneo lake ni futi mraba 4. Akamwuliza: Mraba wenye eneo mara mbili ya huu, yaani futi mraba 8, upande wake utakuwa na urefu gani?

Kijana akajibu upesi: Upande uzidishwe mara mbili, uwe futi 4. Wakachora, wakahesabu: eneo likawa 16, mara nne badala ya mara mbili. Kijana akakiri kosa. Akafikiri, akasema: Basi ni futi 3. Wakahesabu tena: eneo likawa 9. Naye akasema kwa kiapo kuwa hajui.

Hapo Socrates akamgeukia Meno, akamwuliza: Je, tumemdhuru kijana huyu kwa kumtia ganzi? Hapo kwanza alijibu kwa ujasiri kama mjuzi. Sasa hajui, na ajua kuwa hajui, na atamani kujua. Bila ganzi hiyo asingetafuta kamwe. Meno akakubali, ingawa yeye mwenyewe alilalamikia ganzi iyo hiyo dakika chache nyuma.

Kisha Socrates akaunganisha miraba minne kama ule wa kwanza, ikawa mraba mkubwa wa eneo 16. Katika kila mraba mdogo akachora mstari unaokatiza kutoka pembe hadi pembe, ukaugawa nusu kwa nusu. Mistari ile minne ikaufunga mraba mwingine katikati. Kijana akaulizwa: Ndani yake mna nusu ngapi? Zipo nne. Kila nusu ni futi mraba ngapi? Ni 2. Basi zote ni 8. Akaona mwenyewe kuwa mraba unaotafutwa husimama juu ya mstari ule unaokatiza.

Msomaji makini atasema: Lakini Socrates alimwongoza kwa maswali yake! Ni kweli, alimwongoza. Mchoro ule wa mwisho kijana asingeubuni peke yake. Lakini aliyehesabu ni nani? Kijana hakukubali kuwa eneo ni 8 kwa sababu Socrates ni mtu mkubwa. Alikubali kwa kuwa aliona nusu nne za mbili mbili. Majibu mawili ya kwanza aliyakataa kwa sababu hesabu yake mwenyewe iliyakataa. Mwalimu alielekeza macho yake. Kuona kulikuwa kwake mwenyewe. Na Socrates hakusema kuwa kijana amekwisha pata elimu kamili. Alisema mawazo yale sasa yamo ndani yake kama ndoto, na akiulizwa mara nyingi na kwa njia nyingi, mwisho ataijua habari hiyo sawasawa kama mtu yeyote.

Lugha yetu yenyewe yaishuhudia siri hii. Mwalimu "hufunza," lakini mwanafunzi "hujifunza," yaani hujifunza yeye nafsi yake. Waweza kufunzwa na walimu kumi. Lakini usipojifunza hukujua kitu.

ASIYEJUA ANA NINI?

Basi hoja ya Meno imejibiwaje? Plato alieleza kwa rai iliyo ngumu: kwamba roho ilikuwako kabla ya mwili, ikayaona yote, na kwamba tunachokiita kujifunza ni kukumbuka tu. Hatulazimiki kuikubali rai hiyo. Socrates mwenyewe, katika kitabu kile kile, asema kuwa mengine katika maelezo yake hatayasimamia kwa nguvu. Lakini jambo moja atalipigania kwa neno na kwa tendo, kwamba tukiamini kuwa yatupasa kutafuta tusichokijua, tutakuwa watu bora, mashujaa na wasio wavivu, kuliko tukiamini kuwa haiwezekani.

Aristotle (384–322 K.K.), aliyekaa na Plato miaka 20, alitoa jibu lililo jepesi zaidi. Alisema mafundisho yote ya akili huanzia katika kitu kinachojulikana tayari. Mtu ajuaye kuwa pembe tatu za kila pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili, je, aijua pembetatu ambayo hajapata kuiona? Kwa namna moja aijua, kwa kuwa aijua kanuni. Kwa namna nyingine haijui, kwa kuwa hajaiona. Kwa hiyo kati ya kujua kabisa na kutojua kabisa kuna nchi pana, na humo ndimo wanamoishi watu wote wanaotafuta.

Tuchukue mfano wa mtu aliyetumwa stesheni kumpokea mgeni asiyemjua sura. Hamjui, lakini ameambiwa ni mzee, atoka mji fulani, na jina lake ni fulani. Atamtafuta, atamwuliza, na jibu likipatana na alama alizopewa, atamtambua. Vivyo hivyo mtafutaji wa kweli hakuja mikono mitupu. Anayo akili inayotambua kuwa maneno mawili yanayopingana hayawezi kuwa kweli yote mawili. Anayo dhamiri inayochukia dhuluma. Anayo kiu ya Mola wake. Waislamu huyaita haya maumbile ya asili, yaani fitra. Alama hizo hazimtoshi kuwa elimu, lakini zamtosha kuanza safari.

RAI YA KWELI NA ELIMU

Lakini hapa pana swali jingine zito. Tuseme mtu ameshika jambo la kweli, lakini kwa kusikia tu. Je, mtu huyo anajua?

Katika Meno Socrates atoa mfano wa njia iendayo mji wa Larissa. Aliyekwisha kwenda aijua njia. Asiyekwenda, lakini amekisia sawasawa, naye aweza kuwafikisha watu salama. Basi wana tofauti gani? Socrates ajibu kwa mfano wa sanamu za Daedalus, ambazo Wayunani walisimulia kuwa zisipofungwa hutoroka. Rai ya kweli ni kitu kizuri maadamu imekaa; lakini haikai. Ikipigwa na swali moja gumu hukimbia. Haina thamani kubwa mpaka ifungwe kwa kamba ya hoja, yaani mtu afahamu kwa nini jambo liko hivyo. Ikiisha fungwa huwa elimu, nayo hudumu.

Na katika Theaetetus kuna mfano wa mahakama. Wakili hodari aweza kuwashawishi mahakimu, katika muda mfupi aliopewa, waamini habari ya wizi ambao wao hawakuuona. Huenda wameamini jambo lililo kweli na hukumu yao ikawa ya haki; hata hivyo wamesadiki kwa kusikia, ilhali ajuaye ni yule aliyeona. Kusikia si kuona.

Mifano hii yamgusa sana aliyeingia dini kwa mahubiri ya mtu fasaha, na yamgusa zaidi aliyezaliwa ndani ya dini. Imani yake yaweza kuwa ya kweli tupu. Lakini kama ni rai isiyofungwa, siku atakapokutana na mpinzani hodari, au msiba, au kazi ya mjini isiyompa nafasi ya kusali, itatoroka kama sanamu za Daedalus. Dawa yake si kumkataza asiulizwe maswali. Dawa ni kuifunga imani yake mapema kwa sababu na kwa kuonja mwenyewe.

Msomaji wa gazeti hili atakumbuka kuwa Kurani Tukufu yataja daraja za yakini, na kwamba Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad (a.s.) alizieleza katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896. Mtu akiona moshi kwa mbali hujua kwa akili kuwa pana moto. Hiyo ni ilmul-yakini. Akiusogelea akauona moto wenyewe, hiyo ni ainul-yakini. Akiufikia hata joto lake likamshika mwilini, hiyo ni hakkul-yakini. Wayunani walizungumza sana juu ya kupanda kutoka moshi hadi moto, ingawa hawakutumia maneno hayo.

ELIMU ILIYO ULIMINI NA ELIMU ILIYO MOYONI

Socrates alishikilia kuwa hakuna atendaye ubaya hali ajua kwa hakika kuwa ni ubaya. Mkosaji ni mtu asiyejua. Aristotle aliona kuwa jambo hili halipatani na tuyaonayo kila siku, kwani watu wengi hujua lililo jema wasilifanye. Lakini alipolichunguza alitoa mfano mkali. Alisema mlevi naye aweza kukariri tungo za Empedocles, na mwanafunzi mchanga aweza kuyaunganisha maneno ya somo vizuri. Lakini bado hawajui, kwani elimu yahitaji muda hata iote ndani ya mtu na kuwa sehemu ya maumbile yake. Basi mtu aweza kusema kwa ulimi maneno ya ujuzi kama mchezaji wa tamthilia.

Mfano huu na utuingie. Aliyehifadhi maneno matakatifu bila kuyatafakari, akayasoma kwa sauti nzuri kisha akamdhulumu jirani yake, hajui alichokisoma. Elimu isiyobadili mwendo bado iko njiani.

Wala wakubwa wa Wayunani wenyewe hawakusalimika. Yule kijana wa mraba aliishinda hoja ya bwana wake kwa akili yake. Lakini kitabu hakimtaji hata jina, wala hakisemi kuwa aliachwa huru. Na Aristotle, pamoja na ukuu wa elimu yake, aliandika kuwa wako watu walio watumwa kwa maumbile. Alikuwa na uwezo mkubwa wa kupima hoja, lakini rai hii ya jamaa zake, iliyowapa faida, aliitetea badala ya kuipima. Kila kizazi kina rai za namna hiyo, nasi hatukuepukana nazo.

BEI YA KUTAFUTA

Mwaka 399 K.K. Socrates alishitakiwa kuwa haiabudu miungu ya mji, aleta mambo mapya ya kiungu, na aharibu vijana. Mmoja wa washitaki alikuwa Anytus, ambaye katika Meno alikwisha mwonya Socrates ajihadhari na ulimi wake. Plato amepanga mazungumzo ya Theaetetus yaishe siku ile ile Socrates aendapo kuyajibu mashitaka. Walijaribu maana tatu za elimu: kuwa ni kuhisi, kuwa ni rai ya kweli, kuwa ni rai ya kweli pamoja na maelezo yake. Zote tatu zilionekana na kasoro. Kitabu chaisha bila jibu. Lakini Socrates amwambia kijana Theaetetus kuwa hata asipopata mawazo mengine, atakuwa mpole kwa wenzake, kwani hatajidhania kujua asichokijua. Kisha akaondoka kwenda mahakamani.

Alihukumiwa, kura 30 tu zingegeuka, angeachiliwa. Mbele ya mahakimu alisema wazi kuwa hata wakimwachilia kwa sharti la kuacha kuuliza, hatalikubali, kwani atamtii Mungu kuliko wao. Akanywa sumu, akafa, umri wake yapata miaka 70.

Vitabu vyao havikufa. Katika karne ya 9 vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na miongoni mwa wafasiri wakuu alikuwa Hunayn bin Is-haq, tabibu Mkristo. Al-Kindi, mwanafalsafa Mwislamu wa zama hizo, aliandika kuwa tusione haya kuikubali kweli itokako popote, hata ikitoka kwa mataifa ya mbali. Na Ibn Rushd (1126–1198), kadhi wa Cordoba, alitetea kuwa kweli haiwezi kupingana na kweli.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi mtafutaji na ashike mambo manne. Kwanza, asione haya kusema "sijui," kwani hapo ndipo kijana yule alipoanza kujua. Pili, asikubali neno "kila mtu na kweli yake" limwondolee kazi ya kupima. Tatu, akiisha ipata kweli, aifunge kwa sababu na kwa matendo, isitoroke. Nne, asimdharau mwenzake anayetafuta, awe mtoto, maskini au asiyesoma, kwani katika nyumba ya Meno aliyepiga hatua alikuwa mtumwa, na aliyebaki nyuma alikuwa bwana.

Na yule aliyeuliza, "Nitaitambuaje kweli, maadamu siijui?" tumjibu: Ndugu, ungekuwa huijui kabisa, usingeuliza. Kiu yako ni alama kwamba maji yapo, na akili uliyopewa ni kata ya kuchotea. Inuka ukatafute. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, atuepushe na kiburi cha kudhani tunajua, na ajalie tunayoyajua yaonekane katika mwendo wetu. Amin.